Spika Iliyoelekea kwa Bi Mwanamkasi

Jumapili, 20 Aprili. Pasaka.

Leo mume wangu ametangazia Mtopanga nzima kwamba binadamu atafanywa mungu, na mimi ndiye niliyemshikia maiki.

Wacha niandike kabla hasira haijapoa. Stendi ya maiki ilivunjika wakati wa Kwaresima, kwa hivyo sikukuu zote mimi ndiye stendi. Tena leo asubuhi Njeri, kiongozi wetu wa akina mama, alipanda benchi akaigeuza spika itazame nje. "Wacha mtaa usikie Kristo amefufuka," alisema. Hakuna aliyefikiria kwamba nje, upande ule, ni dirisha la jikoni la Bi Mwanamkasi, mwenye kiwanja. Kanisa letu ni banda la mabati uani kwake. Marehemu mumewe ndiye aliyetukaribisha, sisi Waorthodoksi wachache tuliotoka bara, na mjane wake ameendelea kutuvumilia. Bramwel na mimi tunakaa vyumba viwili vya nyuma. Hapo ndipo kwetu, hatuna pengine.

Padri alisalisha usiku kisha akaenda kwa watu wake wengine. Mahubiri ya asubuhi yakabaki kwa katekista, ambaye ndiye huyu bwana wangu. Siku za kazi yuko ghala moja kule Changamwe anapanga magunia. Jumapili huwa mtu mwingine. Alianza polepole, halafu akapandwa. "Mungu hakushuka kwetu matembezi!" alisema. "Alishuka ili atupandishe! Mimi na wewe, kwa neema yake, tufanywe miungu!" Hapo hapo mvua ya kwanza ya masika ikapiga mabati, watu wakapiga vigelegele, na mimi mwenyewe nywele zikanisimama.

Jikoni kwa Bi Mwanamkasi mwiko ulikuwa ukigonga sufuria tangu tuanze. Ukanyamaza.

Tulipotoka tulimkuta amesimama barazani kwake na mwavuli mkononi.

"Shikamoo, bibi," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Niitie Mwalimu."

Bramwel akaja mbio, bado ana jasho la mahubiri.

"Mwalimu, yeo nimesikia vyema, au masikio yangu yamezeeka? Mtu atakuwa nani?"

Bramwel akaanza kueleza: ni kwa neema, si kwa asili, mtu hubaki mtu, kiumbe hubaki kiumbe.

"Sikukuuliza utabaki nini. Nimekuuliza, umesema ama hukusema?"

"Nimesema, bibi."

"Basi ni hivi. Nyinyi mnaomba mnavyojua, sijawatia kidole hata siku moja. Lakini kumshirikisha Mola na viumbe vyake, kwa sauti ya juu, uani mwangu, hapana. Neno umelitoa kwa chombo kile, lirudishe kwa chombo kile kile. Mvua zikikatika hujalirudisha, wallahi, tafuteni pengine."

Hakupaza sauti hata kidogo. Heri angepiga kelele, ningepata cha kumjibu.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimemwambia Bramwel afute. Ni sentensi moja tu, haichukui hata dakika. Akanijibu kwamba sentensi hiyo si yake, ni ya kanisa tangu mababa wa kwanza, na mtu hawezi kufuta kisicho chake. Nikamtazama vizuri huyu anayengojea kufanywa mungu. Soksi zake zilikuwa mezani kando ya mkate. Nikamwambia aanze na hizo.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumapili, 27 Aprili

Kikao baada ya ibada. Njeri alisimama kabla hajaitwa, kama kawaida yake.

"Mimi nilikuja hii kanisa juu ya nyimbo na ubani," akasema. "Sikuja niambiwe niko mungu. Mimi ni mavumbi. Mama yangu alinifunza hivyo, na alinifunza na kiboko. Mwalimu afute hayo maneno ama awache kuhubiri."

Wengi wakaitikia kwa vichwa. Aliyeigeuza spika alikuwa nani? Hakuna aliyeuliza, hata mimi niliuma ulimi. Bramwel akajaribu kuwakumbusha maneno ya mtume Petro, kwamba tumeahidiwa kushiriki uungu wenyewe. Njeri akamwambia Petro alikuwa mvuvi na yeye mpanga magunia, wasijilinganishe.

Kisha akaharibu. "Na huyo mama wa kiwanja na moshi wake wa majini asitupangie imani." Dirisha lilikuwa wazi. Ubani tunaochoma madhabahuni tunaununua kwa Bi Mwanamkasi mwenyewe, kutoka kopo lile lile analochota la nyumbani kwake, na Njeri ndiye hutumwa kuununua.

Jumanne, 29 Aprili

Hakuna jipya. Mvua, halafu mvua.

Jumamosi, 3 Mei

Leo nilikuwa nafua, povu hadi viwikoni, nikasikia sauti ikivuka ua. "Phoebe!"

"Nini?" nikajibu.

Halafu tena, "Phoebe!"

"Nini, bibi?"

"Kwani hukufunzwa kuitika? Mtu akikwita huulizi nini. Waitika kwanza, akwitiani, utajua baadaye. Phoebe!"

"Abee," nikasema, kama mtoto wa madrasa.

"Ehe. Sasa ndoo huku na nguo zako. Zimevunda, harufu naipata hadi huku."

Mwanamke huyu anangoja mvua zikatike atutoe, na hapa ananiita anifukizie mashuka. Nilivua viatu mlangoni kama wavuavyo wote waingiao kwake. Alikuwa na chetezo sakafuni, makaa mekundu, vipande vya udi juu yake, na tenga limefunikwa hapo. Tukawa tunatandaza shuka juu ya tenga, moja baada ya nyingine, moshi unapenya taratibu.

Mwishowe hasira yangu ikanisukuma. "Sawa, bibi. Wewe niambie basi. Mungu ni nini?"

"Astaghfirullah." Akaigeuza shuka upande wa pili. "Hivyo ndivyo muulizavyo kwenu? 'Ni nini' huulizwa kitu. Lolote utakalolifikiri moyoni mwako ukasema ndilo yeye, yeye silo."

"Sasa unamjuaje?"

"N'namjua kwa alonitendea." Akanipa shuka. "Kunja, usiiburure."

Nilirudi nyumbani nimekumbatia mashuka kifuani. Bramwel alikuwa ameinamia kitabu, amenipa mgongo. "Karibu, bibi," akasema bila kugeuka. "Keti, Phoebe anakuja."

"Ni mimi," nikasema. "Ni mashuka tu."

Akageuka, akatazama mashuka, akanitazama mimi. Nikamweleza yote tuliyozungumza na Bi Mwanamkasi. Aliinuka akaanza kutembea ndani ya chumba ambacho hakina nafasi ya kutembea. Akasema mababa walifundisha hivyo hivyo: kwamba Mungu mwenyewe alivyo hakuna akili inayomfikia, hata ya malaika, na kila jina tunalompa ni dogo kwake, tunachokijua ni kule kutugusa kwake. "Huyu bibi ameshika nusu ya mahubiri yangu kuliko kanisa zima," akasema. Kisha akachukua shuka moja akainusa. "Na hii ni nusu nyingine. Shuka haijawa udi, Phoebe. Lakini iliponifikia harufu yake, mimi nilidhani ni yeye bibi."

Nimelalia shuka hiyo. Sijui kwa nini nimekosa usingizi, kitanda kimenukia vizuri hivi.

Jumapili, 11 Mei

Bramwel alimwendea Bi Mwanamkasi na habari ya shuka, amefurahi kama mtu aliyepata dawa. Nilisikia kila kitu kutoka jikoni.

"Mwalimu," Bi Mwanamkasi akamwambia alipomaliza, "shuka ikinukia haipandi juu ya paa kutangaza."

Akarudi. Sikumcheka. Nilicheka kidogo.

Jumatano, 14 Mei

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Maji yameingia vyumba vya bondeni. Vyoo vimejaa.

Jumatatu, 19 Mei

Sasa ndiyo nimepata kukaa. Niandike taratibu, maana nataka iwe sawa.

Jumamosi asubuhi walikuja kutuambia Njeri anaumwa. Anakaa peke yake bondeni, watu wake wote wako Murang'a. Tulimkuta amelala juu ya meza, maji sakafuni yakifika magotini mwetu, na tumbo lake limefunguka kabisa, hata kuinuka hawezi. Majirani walikuwa wamesimama mbali. Neno kipindupindu lilikuwa limeshatajwa, na likitajwa watu huona mtu amegeuka moto. Barabara ilikuwa mto, hakuna tuktuk wala ambulensi ya kupita. Bramwel na jirani mmoja wakamkalisha kwenye kiti cha plastiki, wakakiinua hivyo hivyo hadi uani kwetu. Kufika, vyumba vyetu navyo maji. Kanisani maji.

Bi Mwanamkasi alikuwa barazani. Nyumba yake ndiyo pekee iliyo juu. Akatazama kiti. Akamtazama aliyekaa juu yake, na alimjua.

"Mwangoja nini?" akasema. "Mwingizeni. Mlazeni kitandani mwangu."

Wanaume akawatoa nje. Tukabaki watatu. Njeri alikuwa na fahamu, na hilo ndilo lililokuwa baya, kwa sababu alikuwa anajua yuko kwa nani na yuko katika hali gani. Alijikunyata ukutani akasema kwa sauti iliyokauka, "Usinishike. Mimi ni mchafu. Wacha Phoebe anishike."

"Phoebe akoroge maji ya chumvi na sukari," Bi Mwanamkasi akasema, na huku anakunja mikono ya kanzu. "Wewe lala."

"Naona haya."

"Haya ni ya mwenye kutazama, mama. Mie sikutazami, nakuosha."

Akamwosha. Nimewahi kuosha wagonjwa, najua uso wa mtu anayevumilia harufu, hata wangu naujua. Wake haukuwa hivyo. Alimwosha kama mtu aoshavyo mtoto wake aliyerudi kutoka mchezoni. Alipomaliza, Njeri akachafua tena, leso mpya, kitanda kizima, akaanza kulia. Bi Mwanamkasi akasema, "Pole, mama, pole," akaanza upya. Maji mapya, leso mpya. Ikawa hivyo asubuhi, adhuhuri, alasiri. Alitoka mara moja tu, akajisafisha, akasali, akarudi. Kati ya hapo alimnywesha kwa kijiko, na kila kijiko alisema bismillahi kwa niaba ya mtu ambaye aliuita ubani wake moshi wa majini. Najua alisikia siku ile. Dirisha lilikuwa wazi.

Sasa hili ndilo ninalotaka kuliandika na sijui kuliandika. Ilikuwa alasiri. Nilisimama mlangoni na beseni. Bi Mwanamkasi alikuwa amemwinua Njeri kichwa na kukilaza juu ya paja lake, anamsuka nywele zilizofumuka ili zisimwingie machoni. Sikuona mwanga wala sikusikia sauti. Niliona mwanamke mnene wa makamo ya juu, magoti yanamuuma, amechoka, anasuka nywele za adui yake. Nikaingiwa na hofu. Sijui neno jingine. Hofu ile ya mtu aliyefungua mlango wa chumba akakuta mwenye nyumba yumo, naye hakujua. Nilisema moyoni, ndiyo hii. Hili ndilo Bramwel alilolipigia kelele siku ya Pasaka, na halikuwa kwa Bramwel, wala kwangu, wala kanisani. Lilikuwa pale kitandani.

Nikakumbuka Musa alivyoamriwa avue viatu. Nikatazama miguu yangu. Nilikuwa nimeshavivua mlangoni.

Niliweka beseni chini nikatoka nje nikasimama kwenye mvua nikalia.

Jana maji yalipungua, gari likapita, Njeri yuko hospitalini. Wanasema atapona.

Jumanne, 20 Mei

Nimemwambia Bramwel niliyoyaona. Alisikiliza bila kunikatiza hata mara moja, jambo ambalo nalo ni la kuandikwa.

"Umemwambia mwenyewe?" akauliza.

"Nimwambie nini? Kwamba nimeuona uungu ndani yake? Atatufukuza jioni hiyo hiyo!"

Bramwel akacheka hadi akashika meza. Halafu nikaona hacheki tena, anafuta macho. Kweli, katika Mtopanga yote, mtu mmoja ambaye hawezi kuambiwa habari hii ni yule yule mwenye habari.

Jumapili, 25 Mei

Njeri amerudi, amekonda, ulimi haujakonda. Kwanza alipitia kwa Bi Mwanamkasi akakaa humo muda mrefu. Nilimuuliza kama bado anataka Bramwel afute.

"Mimi bado ni mavumbi," akasema. "Hiyo sibadilishi. Lakini yule mama..." Akatafuta neno, na Njeri kukosa neno sijawahi kuona. "Yule mama sijui ni nini."

Jumapili, 1 Juni

Tumegombana na Bramwel, na ugomvi wenyewe ni wa kinyume.

Ameamua kufuta. Siku ya Pentekoste, kwa spika ile ile, kama alivyotakiwa. Mvua zinakatika, leo jua limetoka saa nzima. Anasema amelifikiria sana. Neno lake limemchoma mtu anayeliishi kuliko yeye, na akishinda ubishi huu atakuwa ameshinda nini?

Nilimpandia juu. Nilimwambia Aprili nilitaka afute kwa sababu sikuamini, na leo nimeona kwa macho yangu, ndipo anafuta? Akitaka kusema kwamba si kweli, aseme kwanza Jumamosi ile haikuwepo.

"Sijasema si kweli," akajibu. "Nasema sikustahili kulitia mdomoni vile, kama tangazo la mnada."

"Kwa hivyo utasema nini?"

"Sijui."

Sijawahi kumwona amekosa la kuhubiri. Usiku amekaa mezani na karatasi tupu. Soksi zilikuwa pale pale, nikaziondoa mimi.

Ijumaa, 6 Juni. Idi.

Bi Mwanamkasi ametuletea nyama na pilau kama kila mwaka. Aliyeleta ni Anwar, mwanawe. "Mama asema mle ingali moto," akasema, akageuka kuondoka, akarudi hatua moja. "Tena asema mvua zakaribia kukatika."

Pilau ilikuwa nzuri. Nilikula nikiangalia kuta za chumba changu.

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste.

Mvua zimerudi asubuhi, za kuagana, ndogondogo lakini nzito. Watu walijaa. Njeri mwenyewe alipanda benchi akaigeuza spika nje, safari hii akijua inatazama wapi. Kupitia dirishani nilimwona Bi Mwanamkasi amekaa kitini barazani, ushungi umefungwa vizuri, anangoja. Anwar alisimama nyuma yake.

Nikawasha maiki nikaishika mbele ya Bramwel.

"Majirani zetu," akasema, "na ndugu zangu. Siku ya Pasaka, mahali hapa, nilisema neno juu ya Mungu na juu ya mtu."

Akanyamaza. Nilidhani anavuta pumzi.

"Mungu," akasema.

Akanyamaza tena, na safari hii sikusikia pumzi. Nikamtazama. Mdomo wake ulikuwa wazi na machozi yanateremka, na ulikuwa uso wa mtu aliyefika ukingoni mwa maji asiyoona ng'ambo yake. Hakuwa amesahau. Nimeishi naye, namjua akisahau. Alikuwa na maneno yote na hakuna hata moja lililotosha.

Hakuna aliyekohoa. Maiki ikabaki wazi mkononi mwangu, ikaanza kuchukua kitu pekee kilichokuwepo, mvua juu ya mabati, ikaimwaga mtaani kwa spika. Mvua juu, mvua ndani ya spika, mvua huko nje, Mtopanga nzima inasikilizishwa mvua. Sijui ilikuwa muda gani. Njeri alikuwa amepiga magoti. Mimi nilihisi kama niko mdogo sana na ninajulikana kabisa, kila kitu changu, na sikuogopa. Nikahisi nimeitwa. Sikusikia jina langu, lakini mtu akiitwa anajua.

"Abee," nikasema.

Nilisema kwa kunong'ona. Lakini stendi ni mimi, na maiki ilikuwa chini ya kidevu changu, kwa hivyo ilitoka kwa spika ikaenda hadi barabarani.

Bramwel akafumba mdomo. Akaizima maiki kwa kidole chake. Hakufuta neno, wala hakulirudia.

Nikaona Bi Mwanamkasi anainuka kitini. Akashuka barazani, akavuka ua chini ya mwavuli, Anwar akimfuata kwa macho. Akaja hadi mlangoni mwa kanisa, mahali ambapo hajawahi kukanyaga, akasimama nje ya kizingiti. Hakumtazama Bramwel. Alinitazama mimi.

"Phoebe."

"Abee, bibi."

"Sasa nimekwita mimi. Hapo kwanza nimesikia ukiitika. Ni nani alokwita?"

Kanisa zima lilinigeukia. Nilikuwa na majibu, nimeolewa na katekista. Nilikuwa na Jumamosi ile yote kifuani, na yeye amesimama mbele yangu ananukia udi.

"Sijui, bibi," nikasema. "Sijui nimwiteje."

Akanitazama, mvua inachuruzika pembeni mwa mwavuli. Kisha akatazama juu, kwenye spika, na macho yake nayo yalikuwa mekundu.

"Basi kaeni," akasema. "Kwa neno hilo, kaeni."